GL si mwanga daima: familia za maneno ya Kiingereza zifundishwe kwa uangalifu

Mhariri,

Mitihani ikikaribia, hapa Lamu huanza kuzunguka karatasi za kurasa mbili tatu zilizopigwa kopi, zenye orodha ya herufi za mwanzo wa maneno ya Kiingereza na maana zake. GL ni mwanga. SN ni pua. SL ni utelezi. TW ni mbili. Mwanafunzi huambiwa akariri, kisha akikutana na neno geni atazame herufi mbili za mwanzo na maana itakuja yenyewe. Karatasi hizo si uongo mtupu, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa zina ukweli wa kutosha kumfanya mtoto aziamini hadi zimwangushe. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze ukweli huo unafika wapi na unavyofaa kufundishwa.

Mtoto wa Kiswahili ni mwepesi wa kusadiki kwamba mwanzo wa neno una maana, maana lugha yake imejengwa hivyo. Akisikia mtoto, kitoto, jitoto na utoto, anajua tofauti papo hapo kwa silabi ya kwanza. Lakini ki- ya kitoto ni kiambishi kamili. Ukikiondoa, -toto inabaki nzima, tayari kupachikwa kingine. Sasa ondoa gl- katika "gleam". Inabaki -eam, ambayo si shina la neno lolote. Kwa hiyo gl- si kiambishi, ingawa sikio la Mwingereza hulisikia likirudi katika maneno mengi ya mwanga.

Jambo hili limetazamwa zamani. John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, aliorodhesha herufi za mwanzo za namna hii katika sarufi ya Kiingereza aliyoiandika kwa Kilatini mwaka 1653, na mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth akazibunia jina la kitaalamu. Sisi nasi tunazo zetu. Sikiliza kwaruza, kwangua, kwanyua, kwapua: yote ni mkono unaovuta, unaonyofoa au unaoparuza. Sikiliza nyata, nyapa, nyemelea: yote ni nyayo zisizosikika. Hakuna mwalimu wa Kiswahili anayesema kwa- ni kiambishi cha kuparuza, na bado kwapa na kwato haziparuzi kitu. Mwanafunzi akielezwa kwa mfano huu wa lugha yake, ataelewa jambo la GL kwa dakika tano.

Tukae kidogo kwenye GL, maana ndiyo tajiri kuliko zote na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Karatasi huandika "mwanga" mbele ya maneno kumi kana kwamba yote ni neno moja. Kwenye insha mwanafunzi huchukua lolote lililo karibu, na jua lake linakuwa na "glisten", kaa la moto lina "glint". Kila moja lina mahali pake. "Glow" ni mwanga wa kaa lisilo na ndimi za moto. Unatoka ndani ya kitu chenyewe, hauumizi jicho, na mara nyingi una joto. Ndiyo sababu hutumiwa pia kwa uso wa mtu mwenye siha au furaha. "Gleam" ni mng'aro wa kitu laini kilichosuguliwa, kama birika la shaba la kahawa lililopigwa ndimu na majivu. Birika halina mwanga wake, linaurudisha wa jua au wa taa. "Glint" ni mrudisho huohuo lakini ni mmweko mmoja mdogo, umekwisha kabla hujageuza shingo: makali ya kisu cha mvuvi yalipogusa jua. "Glisten" lataka maji au mafuta. Changu aliyetoka baharini sasa hivi, jasho la mchukuzi gatini, mchanga pale wimbi linaporudi nyuma, hivyo ndivyo vya "glisten", na samaki akishakauka neno hilo halimfai tena. T yake haitamkwi. "Glitter" ni vimeto vingi vidogo kwa wakati mmoja, kama nguo ya harusi iliyotiwa vipuli. "Glimmer" ni mwanga dhaifu unaokuja na kupotea, kama taa ya upande wa Manda ukiitazama usiku kutoka Lamu. "Glare" ni mwanga unaokufanya ukunje uso: jua la saa saba juu ya mabati mapya, au juu ya mkondo uliotulia tuli.

Mwanafunzi hahitaji kukariri aya hiyo. Anahitaji maswali matatu ya kujiuliza. Mwanga unatoka ndani ya kitu au kitu kinaurudisha? Ni mmweko mmoja au unarudiarudia? Kitu ni kikavu au kina unyevu? Akiyajibu hayo, "glow", "gleam", "glint", "glitter" na "glisten" zitajitenga zenyewe.

Swali la pili lina msaada mwingine ndani ya neno. Tazama mwisho: "glitter", "glimmer", "flutter", "flicker". Katika Kiingereza, -er ya namna hii na -le ya "sparkle", "twinkle" na "wriggle" mara nyingi ni alama ya tendo linalorudiwa haraka kwa vipande vidogo. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kulirudia neno lenyewe, tukasema metameta, chekacheka, rukaruka. Jambo hili haliandikwi kwenye zile karatasi hata siku moja, na lina faida kuliko nusu ya yaliyoandikwa.

Halafu kuna GL za jicho. "Glance" ni kitendo cha kutupia jicho, na hudai "at" baada yake. Kuandika "I glanced the boat" ni kosa linalojirudia kila mwaka. "Glimpse" ni kile ulichopata baada ya kutupa jicho, yaani kukiona kitu kidogo tu, na huja zaidi katika "catch a glimpse of". "Glare at" ni kumkodolea mtu macho ya hasira. Aliyefundishwa kwamba GL ni mwanga na uzuri ataandika kwamba mama ali-"glare" kwa mtoto wake mchanga kwa mapenzi, na mtahini atasoma kinyume kabisa cha alichokusudia.

Na wageni waliomo humo? "Glue" ni gundi, lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa. "Glove" ni glavu. "Gland" ni tezi. "Gloom" ni giza lenyewe. "Gloat" ni kufurahia kuanguka kwa mwenzio. "Glad" ni kisa kizuri: katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kung'aa pamoja na ile ya kufurahi, kisha furaha ikabaki na mng'aro ukasahaulika. Mswahili halioni hilo kuwa ajabu, kwa kuwa naye husema uso umenawiri.

SN ni ya pua: "sniff" kunusa, "sneeze" kupiga chafya, "snore" kukoroma, "snort" kukoroma kwa ghafla kama farasi, "snout" pua ya mnyama iliyochomoza, "snuff" ugoro. Sauti N yenyewe hutoka kwa hewa kupita puani, na nusa na nuka zetu zina N hiyohiyo. Lakini la kutazama zaidi ni "sneeze". Zamani halikuwa la SN. Lilianza na FN, mwanzo ambao Kiingereza kiliuacha, na neno lilipobaki bila ndugu likajiunga na waliokuwa jirani kwa maana. Yaani familia hizi huvuta watu wa nje, na ndiyo sababu haziwezi kuwa kanuni: baadhi ya waliomo ni damu moja, wengine ni wa kupanga.

Katika pua hiyohiyo kuna tawi la dharau. "Sneer" ni kukunja pua na mdomo kwa kebehi, "snub" ni kumpuuza mtu makusudi, "snob" ni mwenye kujiona bora. Kwetu dharau hukaa mdomoni, ndiyo tukasema kubetua mdomo na kusonya. Mwalimu aliseme hili wazi, la sivyo mwanafunzi akikutana na "He snubbed his old friend at the jetty" ataandika kwamba alimpigia rafiki yake chafya. Sentensi ndiyo ya kwanza kutazamwa: kuna mtu, kuna rafiki wa zamani, na kitendo kinamfikia rafiki. Familia ya SN inakuja baadaye kusaidia kuchagua kati ya makisio mawili. Ikitangulia, inapotosha. Na "snake", "snail" na "sneak" ni nyumba nyingine kabisa, ya kutambaa na kunyata, haina habari na pua. "Snow" haimo popote.

Sasa TH, ambayo watu wa pwani wanayo tayari vinywani na hawaambiwi. Maneno madogo ya Kiingereza yanayoonyesha au kurejelea kitu huanza kwa TH inayotamkwa kama dh ya dhahabu: "the", "this", "that", "these", "those", "there", "then", "they", "them", "their", "thus". Hii ni damu moja kweli, na kazi yake ni kunyoosha kidole, kama h- yetu katika huyu, hiki, hapa, huku, humu. Maneno mengine, yenye maana nzito ya kitu, tendo au sifa, huanza kwa TH kama ya thelathini: "thin", "thick", "thumb", "thief", "think", "throw", "three". Kwa hiyo ukijua kazi ya neno unajua matamshi yake. Jino la pembe ni moja, "through", ambalo ni neno dogo lakini lina th ya thelathini. Kipimo ni kuweka vidole viwili kooni. Kwenye "this" koo linatetemeka tangu mwanzo. Kwenye "thin" halitetemeki mpaka ufike kwenye irabu. Aliyesoma chuo cha Kurani akatofautisha herufi za Kiarabu dhal na thaa hana la kujifunza kwa ulimi. Anachokosa ni kuambiwa lipi linaenda wapi, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza imezifunga sauti mbili katika vazi moja.

WH ni ya maswali, na huandamana na TH: "what" na "that", "where" na "there", "when" na "then". Weka "here", "there", "where" kando ya hapa, pale, wapi. Kwetu p ya mahali ndiyo isiyobadilika; kwao mwisho ndio usiobadilika na herufi za mwanzo ndizo zinazosema hapa, kule au swali. Kwenye "what", "when", "where", "why" na "which" husikika W. Kwenye "who", "whose" na "whom" husikika H, W imekufa. "Wheel", "whale", "whip" na "white" haziulizi chochote.

TW na WR zina faida kubwa kwenye tahajia, na Karatasi ya Kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ina sehemu ya stadi za kuzungumza ambamo herufi zisizotamkwa na maneno yanayofanana kwa sauti huulizwa. Wanaochanganya "to", "too" na "two" wapewe nyumba ya TW: "twin" pacha, "twice" mara mbili, "twelve", "twenty", "between" kati ya viwili. "Twelve" asili yake ni mbili zilizobaki baada ya kuhesabu kumi. "Twine" ni uzi uliosokotwa, na msokoto wa kwanza kabisa ni nyuzi mbili. Mwenye kusuka kamba ya jahazi hahitaji maelezo zaidi, na "twist" ni tendo hilohilo la mkono. W husikika kwa wote hao isipokuwa "two" pekee, lakini ndugu zake wanaishuhudia, na mwanafunzi hataisahau tena.

WR ni ya kupinda na kusokota. "Wring" ni kukamua nguo kwa kuisokota, "wrist" kifundo cha mkono panapogeukia kiganja, "wrench" kuzungusha kwa nguvu na pia spana, "wreath" shada la maua la mviringo, "wrinkle" kunyanzi, "wrestle" kupigana mieleka. "Wrong" nalo awali lilikuwa iliyopinda, sawa na sisi tunaposema mambo yamekwenda kombo. W ilitamkwa zamani, leo haitamkwi. Kwa hiyo "ring" ni pete na "wring" ni kukamua, sauti moja. Ukiona msokoto katika maana, andika W. "Write" halifuati maana hiyo, lilikuwa kuchora kwa kukwaruza, likumbukwe peke yake.

SL na FL tuzipitie upesi. SL ya utelezi ni "slip", "slide", "slime", "slick", "slither": ngazi za gati zenye mwani wa kijani maji yakitoka. SL ya kipigo ni "slap", "slam", "slash". "Sleep" na "sleeve" ni wapita njia. FL ya kupepea ni "flap", "flutter", "fly", "flee", na tanga lililolegezwa likipigwa na kusi lafaa kwa mawili ya kwanza: "flap" ni mapigo makubwa ya kitambaa kizito, "flutter" ni madogo ya haraka ya bendera ya mlingotini. "Floor", "flesh" na "flour" hazipepei. Onyo moja tu hapa: FL ina mwanga wake, "flame", "flare", "flash", "flicker", kwa hiyo isifundishwe wiki moja na GL. Ukizichanganya, "flare" na "glare" hazitatengana kichwani mwa mtoto mwaka mzima.

Matamshi yasisahauliwe, kwa sababu familia hizi hukaa katika konsonanti mbili zilizoshikana, na Kiswahili hupenda kutia irabu katikati. Club ilipofika kwetu ikawa kilabu, glass ikawa gilasi. Hayo ni maneno ya Kiswahili sasa, hayana kosa. Kosa ni kusema "silipi" au "gilou" ukiwa unasema Kiingereza, kwani neno la pigo moja linakuwa la mapigo mawili matatu na msikilizaji haitambui familia. Kwa SL na SN, anza na sss ndefu, kisha ingia kwenye herufi ya pili bila kukata hewa. Kwa GL, weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kwanza, mahali pa L, halafu tamka G ulimi ukiwa hapohapo. Irabu haitapata pa kuingilia. Mara kumi kwa siku, kwa wiki moja, zinatosha wengi.

Darasani, kipindi kimoja cha dakika 40 kibebe maneno sita, wala si kumi na sita: manne ya familia na mawili ya wageni. Kwa GL, mathalani, "glow", "gleam", "glisten", "glance", pamoja na "glove" na "gloat". Mwalimu aanze na vitu: kaa kwenye jiko, birika lililosuguliwa, samaki mbichi. Aandike sentensi sita ubaoni zenye maneno hayo, bila tafsiri. Wanafunzi wakisie kutokana na sentensi, waandike makisio, ndipo waulizwe wanasikia nini kinachofanana. Wakishaigundua familia, wafungue kamusi kuthibitisha, na hapo wakutane na wale wawili wasiofuata. Hatua hiyo ya mwisho isirukwe hata muda ukibana, kwa kuwa asiyeona mgeni akiwa darasani atamwona kwenye mtihani. Kesho yake waulizwe kwa hali na si kwa tafsiri: uso wenye jasho ni neno gani, makaa saa mbili usiku ni neno gani. Anayejibu "mwanga" kwa yote mawili arudishwe kwenye maswali matatu.

Wenye kupiga kopi karatasi zile hatuwaombi waache. Tunaomba waongeze safu mbili: moja ya sentensi fupi kwa kila neno, nyingine ya maneno yenye herufi zilezile yasiyo ya familia, yasipungue mawili. Na ikiwa gazeti lako litaona vyema, ukurasa wa wanafunzi ungeweza kuchapisha familia moja kila wiki kwa mpangilio huo, ukianza na TH, ambayo watoto wa Lamu na Malindi wataipata siku ya kwanza.

Walimu wa Kiingereza,
Langoni, Lamu